Maksai Anapochechemea: Uliza Mguu Kabla ya Kununua Sindano

(Mazungumzo ya redio ya wiki iliyopita, yanachapishwa hapa kwa wale ambao hawakuyasikia.)

Ndugu wananchi, wiki hii tuzungumze juu ya mguu. Si mguu wa mwanadamu, bali mguu wa nyuma wa maksai. Najua wapo watakaouliza: jambo la zizini linamhusu nini mtu anayenunua gazeti lake Kariakoo au stendi ya Mwanza? Linamhusu, tena sana. Mkazi wa mjini mwenye asili ya Tarime au Serengeti anaijua vizuri simu ya aina hii. Mvua zimeanza, watu wameingia mashambani, na mdogo wake anapiga kutoka Nyamwaga au Natta akisema kwamba dume moja la kulimia linachechemea mguu wa nyuma. Limechomwa sindano mbili, halijapona, na sasa inahitajika fedha ya sindano ya tatu.

Fedha inatumwa. Sindano inachomwa. Ng'ombe anaendelea kuchechemea. Baada ya mwezi anauzwa kwa mchinjaji kwa bei ya kutupa, shamba limebaki nusu, na nyama yenye dawa inaingia sokoni ambako sisi sote tunakula. Katika mlolongo wote huo hakuna aliyeuliza swali moja la msingi: huyu mnyama anaumwa wapi?

Katika nchi zenye farasi wengi, kutafuta chanzo cha kuchechemea ni elimu kamili. Daktari humtembeza farasi, humkimbiza, humkunja viungo kimoja kimoja, kisha huweka sindano ya ganzi kuanzia chini ya mguu akipanda juu hatua kwa hatua. Pale ganzi inapoingia na mnyama akaacha kuchechemea, hapo ndipo penye maumivu. Mkoani Mara farasi hakupata makazi. Mbung'o pamoja na ugonjwa hatari wa farasi unaoenezwa na visubi vilimfungia njia katika sehemu kubwa ya nchi zetu. Kazi yake huku hufanywa na maksai, na mizigo hubebwa na punda. Lakini kanuni ya uchunguzi ni ileile kwa wanyama wote hao: tafuta mahali kwanza, tafuta sababu pili, dawa iwe ya mwisho.

Sisi tumezoea kinyume chake. Tunaanza na dawa.

Mtazame mnyama mzima

Kuchechemea si ugonjwa. Ni dalili, kama kikohozi kilivyo dalili kwa mtu. Kwa hiyo kabla ya kuushika mguu, mtazame mnyama mzima, na uwatazame wenzake zizini. Anakula? Anacheua? Ana homa? Wangapi wengine wanachechemea?

Ikiwa ni wengi, wanatokwa mate mengi na wana vidonda mdomoni na katikati ya kwato, hapo usihangaike na mguu mmoja. Huo ni ugonjwa wa miguu na midomo, na unatakiwa utoe taarifa kwa Bwana Mifugo na uzuie mifugo isitoke. Watu wengi wa Serengeti huwalaumu nyati wa hifadhi kwa ugonjwa huu. Utafiti uliofanyika kaskazini mwa Tanzania na kutolewa mwaka 2018 ulionyesha kwamba ugonjwa unazungushwa zaidi na ng'ombe wenyewe, unapita katika mifugo kama mawimbi. Maana yake ni kwamba mnada na njia za malisho ni za kuchungwa kuliko mpaka wa hifadhi.

Ikiwa ni mmoja tu, kijana, mnene, mwenye umri wa kati ya miezi sita na miaka miwili, ameamka akichechemea, paja limevimba, na ukilibonyeza linatoa sauti kama majani makavu chini ya ngozi, hiyo ni chambavu. Chambavu haingoji. Mara nyingi humaliza kazi yake katika siku moja au mbili. Vijidudu vyake hukaa ardhini miaka mingi, na kinga yake ni chanjo. Mzoga wake usipasuliwe.

Ikiwa mnyama ana homa, leo anachechemea mguu huu, kesho ule, na siku ya nne anasimama na kula kama kawaida, huenda ni homa ya siku tatu. Huyo anahitaji kivuli, maji na mapumziko kuliko kitu kingine chochote.

Lipo na jambo moja ambalo kila mtu wa Mara anapaswa kulijua kwa moyo. Ng'ombe anayelegea miguu ya nyuma, anayeyumba, anayelia kwa sauti ya kukwaruza bila kukoma na kutokwa mate kama aliyekwama kitu kooni, anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Watu humfungua mdomo na kuingiza mkono kutafuta mfupa uliokwama. Mkono huo huo una mchubuko, na mate yale yana kifo. Usimshike mdomo, usimchinje, usimle. Mtenge, na umwite mtaalamu. Aliyekwisha kuguswa na mate kwenye jeraha aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kupata chanjo.

Hili silisemi kwa kutisha watu. Wilaya ya Serengeti imetoa somo ambalo dunia imelisoma. Kati ya mwaka 1996 na 2001 mbwa wa vijiji vya wilaya hiyo walichanjwa kwa mpango. Visa vya kichaa kwa mbwa vilipungua kwa asilimia 70 baada ya awamu ya kwanza, na asilimia 97 baada ya awamu ya pili. Kwa hiyo anayempeleka mbwa wake kuchanjwa anamlinda mtoto wake, na anamlinda na maksai wake pia.

Sasa tushuke kwenye mguu

Tuseme sasa maksai wetu hana lolote kati ya hayo. Anakula, hana homa, wenzake ni wazima. Anachechemea mguu wa nyuma wa kulia kwa wiki ya tatu sasa. Kukaa huko kwa muda mrefu ni jibu la kwanza: chambavu si yenyewe, homa ya siku tatu si yenyewe. Uwanja wa kutafuta umeshapungua, na hatujatumia hata senti moja.

Hatua inayofuata ni kumtembeza. Mtu mmoja amwongoze taratibu mahali tambarare, na mwingine asimame nyuma yake. Tazama mifupa miwili ya nyonga inavyopanda na kushuka. Upande wenye maumivu hautembei sawa na mwenzake. Mnyama huweka mguu ule kwa muda mfupi na kuuondoa upesi, kama mtu anayekanyaga mchanga wa moto. Kisha mpitishe kwenye mawe au ardhi ngumu, halafu kwenye udongo laini wa shamba lililolimwa. Akizidi kuumia kwenye mawe, shuku kwato. Akizidi kusumbuka kwenye udongo laini, mahali anapolazimika kuinua mguu juu, shuku viungo na misuli ya juu.

Baada ya hapo, mfunge vizuri, uinue mguu, na uoshe kwato kwa maji na brashi. Hatua hii huonekana ndogo, lakini ndiyo wengi wanayoiruka. Mtu anaona tope limekauka kwenye kwato, anaona goti limevimba kidogo, anachoma sindano ya goti. Kumbe chini ya lile tope umelala mwiba wa mgunga. Kwa ng'ombe, sehemu kubwa ya kuchechemea huanzia kwenye kwato, na kwa miguu ya nyuma kwato ya nje ndiyo huumia zaidi. Ukimwona amesimama ameupanua mguu kwa nje, anajaribu kuupeleka uzito kwenye kwato ya ndani.

Chukua kisu cha kwato na ukwangue uso wa chini mpaka uone rangi safi. Kila alama nyeusi ifuate taratibu. Nyingine huishia juu juu, nyingine hukupeleka kwenye mfuko wa usaha. Halafu chukua koleo na ubane kidogo kidogo kuzunguka kwato yote. Mahali atakaporusha mguu, rudia mara ya pili na ya tatu. Akiurusha mara zote, umepata. Ukiutoa usaha, unampa nafuu ambayo dawa ya sindano isingempa, kwa sababu dawa inapita kwenye damu na damu haifiki vizuri ndani ya usaha uliofungwa. Tazama pia katikati ya kwato mbili: kupe hupenda kujificha pale, na vidonda vyao huoza.

Hapa kuna tofauti moja ambayo ingeokoa fedha nyingi. Kuoza kwa kwato, ule ugonjwa wa msimu wa tope wenye harufu mbaya, huvimbisha sehemu ya juu ya kwato zote mbili kwa usawa, na ukipewa dawa sahihi mapema huanza kupungua katika siku tatu au nne. Uvimbe ukiwa wa upande mmoja tu, juu ya kwato moja, au dawa ikiwa imeshindwa kwa siku hizo, basi ama si ugonjwa huo, ama uchafu umekwisha kuingia ndani ya kiungo. Kwa maneno mengine, sindano iliyoshindwa nayo ni jibu. Inasema: mnatafuta mahali pasipo penyewe. Kuichoma tena dawa ile ile ni kama kumgongea hodi mtu aliyekwisha kuhama.

Kupanda juu ya kwato

Kwato ikiwa safi, panda juu. Pitisha mkono kutoka chini, ukilinganisha kila mahali na mguu wa upande wa pili. Joto, uvimbe, kidonda, na kupungua kwa nyama. Wengi huita goti kile kiungo kinachochongoka nyuma, katikati ya mguu. Hicho kwa ukweli ni kisigino cha mnyama. Goti lake halisi liko juu, karibu na tumbo, limefunikwa na ngozi ya ubavu. Ni vizuri kulijua hilo, kwa sababu ukimwambia daktari kwenye simu kuwa goti limevimba, yeye anafikiria mahali pengine kabisa.

Goti hilo la juu lina ugonjwa wake ambao hupoteza maksai wengi wazima. Pia ya goti hupanda na kunasa juu ya mfupa. Mnyama anataka kutembea, mguu unabaki nyuma umenyooka kama gongo, ncha ya kwato inaburuza ardhini, kisha ghafla mguu unafyatuka na kurushwa mbele. Akitembea kidogo unaweza kuacha, akisimama na kuanza tena unarudi. Hakuna joto, hakuna usaha, hakuna homa. Nchini India, ambako ng'ombe wa kazi ni wengi, ugonjwa huu unajulikana sana. Tiba yake ni daktari kukata kano moja ya goti kwa ganzi ya mahali. Ni kazi ya dakika chache, na mara nyingi mnyama hutembea vizuri papo hapo. Hakuna sindano ya dawa inayoweza kuifungua pia iliyonasa, hata ichomwe mara kumi.

Juu zaidi kuna nyonga. Maksai aliyeteleza kwenye utelezi au kusukumwa na wenzake na kuanguka vibaya, akasimama na mguu unaoonekana mfupi kuliko mwenzake, ncha ya kwato ikitazama nje, huenda mfupa wa paja umetoka mahali pake. Huyo anahitaji daktari siku hiyo hiyo. Zikipita siku kadhaa, kurudisha mfupa huwa karibu haiwezekani, na uamuzi wa busara ni kumchinja kabla hajachomwa dawa.

Kisha kuna mshipa wa fahamu. Hili ni la kusikitisha, maana mara nyingi chanzo chake ni sisi wenyewe. Mshipa mkubwa wa mguu wa nyuma unapita katika tako. Mtu asiye na mafunzo akichoma sindano hapo, hasa kwa ndama au ng'ombe aliyekonda, anaweza kuugusa. Mnyama aliyekuwa akichechemea kidogo sasa anapinda kwato na kukanyaga kwa mgongo wake, na baada ya wiki chache nyama ya paja inaanza kunywea. Aliyekuja na tatizo moja anaondoka na mawili. Ndiyo maana wataalamu husisitiza sindano za ng'ombe zichomwe shingoni.

Ulize na kazi anayoifanya

Uchunguzi haujakamilika mpaka umetazama nira, mnyororo na plau. Maksai wa nyuma katika msururu ndio walio karibu na chuma. Wakati wa kugeuza mwisho wa shamba, ncha ya plau humpiga kisigino, na mnyororo uliolegea humzunguka mguu na kumkata. Mmoja hutembea ndani ya mtaro na mwenziwe juu yake, msimu mzima, na aliye mtaroni ndiye anayekanyaga tope. Ukimtibu jeraha na kumrudisha kwenye mnyororo ule ule mrefu, unajaza maji kwenye gunia. Muulize anayelima: lilianza siku gani, shamba gani, upande gani wa nira? Mara nyingi kijana anayeshika mjeledi ana jibu ambalo daktari angelitafuta saa nzima, ila hakuna aliyemwuliza kwa sababu ni mdogo.

Tuseme neno juu ya dawa za maumivu. Zina kazi yake, lakini zikitangulia zinaficha njia: mnyama anatembea vizuri, analimishwa, na kidonda kinazidi. Na kwa watu wanaopakana na Serengeti kuna hatari nyingine. Dawa ya diklofenaki iliyotumiwa kwa ng'ombe huko India kuanzia miaka ya 1990 iliwaangamiza tumbusi waliokula mizoga yao, hata Serikali ikaipiga marufuku kwa mifugo mwaka 2006. Ipo dawa nyingine, meloksikamu, ambayo haiwadhuru ndege hao. Ni vizuri kumwuliza daktari atumie hiyo. Tumbusi ndio wasafishaji wa nyika zetu.

Nayo sindano ya oksitetrasaiklini, ambayo kwa wengi imekuwa dawa ya kila kitu, ina siku zake za kungoja kabla ya kuchinja. Zimeandikwa kwenye chupa, na kwa dawa za kukaa mwilini muda mrefu ni wiki kadhaa. Anayemchoma Jumatatu na kumpeleka mnadani Alhamisi anatuuzia dawa kwa bei ya nyama.

Tangu miaka ya 1990, huduma za mifugo zilipoanza kuachiwa watu binafsi, chupa ya dawa imekuwa rahisi kupatikana kuliko mtaalamu. Duka lipo kila senta, na Bwana Mifugo mmoja ana eneo kubwa la kuzunguka. Simlaumu mfugaji anayeanza na kilicho karibu. Lakini macho, maji, brashi na koleo viko karibu zaidi hata ya duka.

Kwa hiyo wewe ndugu wa mjini, simu ile ikija tena, usiikate wala usiharakishe kutuma fedha. Uliza maswali matano. Ameanza lini, na ilikuwaje siku hiyo? Anakula, na wenzake ni wazima? Kwato imeoshwa na kukwanguliwa, na mmeona nini? Uvimbe uko wapi, na ni wa upande mmoja au pande zote? Amekwisha kuchomwa dawa gani, mahali gani, tarehe gani? Kisha waambie wampige picha ya video akitembea, wakiwa nyuma yake. Simu yako inaweza kumfikishia daktari picha hiyo Tarime mjini au Mugumu kabla jua halijazama.

Ukikosa majibu, fedha yako itumike kwanza kumleta mtaalamu amwone, ndipo dawa inunuliwe. Gharama ya kumleta mtu mwenye kisu cha kwato na ujuzi ni ndogo kuliko thamani ya maksai aliyefundishwa nira kwa misimu miwili. Na akikosekana huyo mmoja, mwenzake naye hafanyi kazi, kwa kuwa nira ni ya wawili. Familia nzima inarudi kwenye jembe la mkono huku mvua zikipita.

Mnyama hasemi, lakini mguu wake unasema kila anapokanyaga. Tuwe na subira ya kuusikiliza. Kwa leo tuishie hapo, tukutane wiki ijayo.